Makopo Matatu ya Mzee Isidori

Hebu fumba macho umwone Mzee Isidori akifika. Au basi, usiyafumbe, maana utasomaje. Mwone hivyo hivyo.

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, hapa Bombambili, Songea. Baiskeli yake inasikika kabla haijaonekana, kwa sababu madigadi ya nyuma imefungwa kwa kamba ya katani na inagonga tairi kila duru. Amevaa shati la kaki lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Kwenye keria kuna kapu tupu, limekazwa kwa mpira wa tyubu kama abiria mwenye kizunguzungu. Anateremka mbele ya duka la Chande, anaegemeza baiskeli ukutani, anavua kofia, anakohoa mara moja. Kikohozi hicho si ugonjwa. Ndiyo hodi yake.

Chande, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, anainuka kwenye kreti alilokalia. Anampa shikamoo, anaitikiwa, na hapo linafuata swali ambalo mzee huliuliza kila Jumamosi bila kubadilisha hata neno.

"Haya, mwanangu. Leo una kipi nisichokijua?"

Duka lenyewe halina kibao. Watu wameliita Bei ya Huruma, na jina limekaa. Chande ni mtu wa Tunduru. Wazazi wake wangali na mikorosho huko, lakini yeye korosho zilimshinda subira, akaja Songea na wazo. Maduka makubwa ya Dar es Salaam huwa na vitu vinavyokaribia tarehe ya mwisho, makopo yaliyobonyea safarini, maboksi yaliyolowa mvua, na vyakula vilivyoagizwa kwa ajili ya wateja ambao hawakutokea. Chande huvinunua kwa mkupuo na kuvileta huku kwa lori. Tarehe ikishapita hauzi, hata umlilie. Anasema kaburini hakuna mnada. Lakini kitu kikiwa kimebakiza siku kumi na moja za uhai, unakichukua kwa bei ya fungu la nyanya.

Tatizo ni kujua umechukua nini. Maandishi ya vitu hivyo ni ya lugha ambazo sisi wa huku hatuna pa kuzishikia. Mengine yanafanana na vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, mengine na vikonyo vya maharage vilivyojisokota. Watu wengi wanaingia kwa Chande kutafuta sabuni na biskuti wanazozijua, wanatoka. Mzee Isidori anaingia kutafuta asichokijua.

Na ukitaka kuelewa kwa nini, lazima nikuambie kazi aliyoifanya. Miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi kwenye ofisi za mkoa. Alibeba bahasha. Alizitoa meza hii akazipeleka meza ile, alivuka nazo barabara chini ya mwavuli, na hakuwahi kufungua hata moja. Alizipima kwa kiganja tu, akizitikisa kidogo karibu na sikio. Siku aliyostaafu walimpa cheti ndani ya bahasha, na wanasema alisimama nayo mlangoni akauliza aipeleke kwa nani. Sasa mtu kama huyo ukimpa kopo lisilo na maandishi, ukamwambia ni lako, nenda ukalifungue, unadhani atalala?

Mkewe, Mama Lidwina, aliweka sheria moja tu: aliyekileta ndiye akionje kwanza. Sheria hiyo hakuitunga yeye. Kwetu huku hata komoni ikiletwa kwenye kikombe, mwenye pombe hupiga funda la kwanza mbele ya wageni, watu wamwone akimeza na wamwone bado amesimama. Mwenyeji akishaonja akatabasamu, umekwisha. Ukikataa hapo unakuwa kama unasema yule mtu ni mchawi. Ishike hiyo, maana itatufaa mbele.

Basi Mzee Isidori akaonja. Kulikuwa na juisi ya kijani yenye vipande vilivyoteleza kooni kama vina haraka ya kuwahi basi. Alisema inamfaa mtu asiye na meno, akampelekea jirani mmoja asiye na meno, naye akairudisha akisema kukosa meno si kukosa akili. Kulikuwa na maji yenye gesi, yasiyo na ladha yoyote, ambayo yeye alieleza kwamba ni soda iliyotoka kiwandani kabla sukari haijafika. Kulikuwa na njegere kavu za kijani, alizozitia mdomoni kiganja kizima kama karanga. Ukali wake ulipanda puani. Alikaa uani kando ya ndoo ya maji kwa muda wa rozari nzima, kisha akarudi ndani na kutangaza, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali, kwamba mafua yake ya tangu Pasaka yamepona. Halafu kulikuwa na jibini lenye mishipa ya buluu. Mama Lidwina aliuona ule ukungu, akalisugua kwa maji ya moto na dodoki, ukungu ukagoma kutoka, akalizika nyuma ya choo. Kesho yake mbwa wa jirani alilifukua, akalinusa, akalifukia tena vizuri kuliko alivyolikuta. Tangu siku ile Mama Lidwina humtaja yule mbwa kwa heshima.

Mwaka huu Mama Lidwina akachoka. Hakuchoshwa na makopo. Alichoshwa na Jumamosi zenyewe. Ana bustani bondeni kule Maposeni, kwenye ardhi ya kwao, na mvua zikiisha ndipo panapolimwa mboga. Kila Jumamosi anapanda gari peke yake, anainama kutwa peke yake, na akirudi anamkuta mume amekaa na kijiko, anakitafakari kitu cha zambarau kinachotikisika.

Ndipo Jumapili moja, baada ya misa, akamkalisha mumewe.

"Baba Pamela, tupatane. Sikukuu ya somo chakula cha nyumba hii utakileta wewe, kutoka huko huko kwa Chande wako. Akitokea mtu mmoja akakwambia *niongeze*, Jumamosi zako sizigusi tena mpaka unizike. Asipotokea, kapu unanipa, na Jumamosi tunakwenda wote Maposeni."

"Mtu mmoja tu?"

"Mmoja. Awe yeyote."

Mzee Isidori alitaka kucheka lakini akajizuia. Somo wa jumuiya yao ni Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, sikukuu yake mosi Mei, na siku hiyo watu hufika hata hamsini. Katika watu hamsini utakosaje mmoja mwenye njaa?

Jumamosi iliyofuata alifika kwa Chande mapema kuliko kawaida. Kwenye kona palikuwa na makopo saba makubwa yaliyonyeshewa njiani, lebo zote zimebanduka. Kwenye moja kilibaki kipande cha karatasi chenye tawi la majani membamba, basi. Chande alikuna kichwa. Alisema, wallahi, mzee wangu, sikufichi, sijui kilichomo. Ninachojua kopo halijavimba, halivuji, na tarehe iliyogongwa chini bado. Kwa Mzee Isidori hakukuwa na maneno matamu kuliko hayo. Alilichukua kopo moja, akalitikisa karibu na sikio. Akachukua matatu.

Nyumbani alifungua moja kwa kisu. Ndani mlikuwa na vitunda vyeusi, vinang'aa, vina ukubwa wa zambarau, vinaogelea kwenye maji. Alitia kimoja mdomoni. Uso wake ulisafiri. Ulikwenda, ukasimama mahali, ukarudi polepole.

Mama Lidwina akauliza vipi. Akajibiwa kwamba mtu bado anafikiri.

Na alifikiri kweli. Aliona wazi kwamba hizi ni zambarau. Chumvi ile ilitiwa safarini ili zisioze, kama dagaa wa Nyasa wanavyotiwa chumvi, na samaki wa chumvi hakuna anayemla hivyo hivyo. Anaoshwa, anachemshwa, maji yanamwagwa. Basi akaziosha mara tatu, akazichemsha, akamwaga maji, akazirudisha jikoni na sukari nusu kilo na iliki. Ule uchungu uliobaki alisema ni wa maganda. Alitumia makopo mawili. La tatu alilificha kabatini nyuma ya chupa ya mafuta, kwa ajili ya wale watakaoomba kuongezewa.

Sikukuu ilifanyika uani kwa Mzee Hironimus, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu na katekista. Baada ya tumsifu na milele amina za kutosha, meza ikafunuliwa. Ugali ulikuwepo, dagaa, kuku, kisamvu cha karanga, pilau la Mama Rosemary ambalo watu hulipangia safari. Na katikati, kwenye bakuli la heshima, zambarau za Mzee Isidori zikiwa zimelala kwenye rojo lake. Chande na mkewe Subira walikuwa wamealikwa, kama jumuiya nayo inavyokwenda kwao Idi, lakini walikuwa bado njiani.

Mzee Isidori akasimama kuonja mbele ya watu. Alichagua kubwa. Kokwa alilisahau, jino lilikutana nalo, na mlio ukawafikia wanakwaya waliokuwa ukutani. Alitabasamu. Machozi yalikuwa karibu lakini alitabasamu, akameza, akabaki amesimama.

Basi, tena, nani angekataa? Kila mtu alipewa mbili. Kwa dakika kadhaa pale uani hakukusikika mazungumzo, ila kutafuna kwa watu wanaosali ndani kwa ndani. Mama Rosemary alisema ni tamu sana, na jicho moja likijifumba lenyewe. Ya pili akaitumbukiza kwenye pochi pamoja na rozari. Mzee Hironimus alikohoa kwenye leso, leso ikaingia mfuko wa koti ikiwa nzito kuliko ilivyotoka. Mwanakwaya mmoja aliinama kufunga kamba ya kiatu, akainuka na soksi yenye uvimbe. Mzee Isidori akawa anapita na upawa, anasimama mbele ya mtu, anamtazama kwa matumaini, haulizi kitu maana hiyo ingekuwa kudanganya. Na kila mtu alimwambia ameshiba. Mama Lidwina alikuwa kule kwenye mtungi wa maji. Alikuwa anahesabu kwa macho, na hesabu yake ilikuwa sifuri.

Hapo ndipo Chande na Subira wakaingia. Subira aliwahi kufanya kazi za ndani miaka miwili Maskati, ni mwanamke mchangamfu, na sahani yake ilipojazwa alianza na kile asichotegemea kukiona. Alitafuna mara moja. Akasimama. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mzee wangu, shikamoo tena," akasema. "Nani amezitia zeituni sukari?"

 Mzee Hironimus aligeuka taratibu.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Zeituni, mzee. Tunda la mzeituni. Kule tulikuwa tunazila na mkate, na chumvi yake hiyo hiyo."

Chande aliongeza kwamba zimetajwa ndani ya Kurani, ila yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuziona zilivyo. Na Mzee Hironimus, ambaye miaka arobaini amefundisha watoto habari za Mlima wa Mizeituni, na kila mwaka anauchora mti wenyewe ubaoni na kila mwaka unatoka kama mkorosho, alitia mkono mfuko wa koti. Akatoa leso. Akaifunua. Akaifuta ile zeituni kwa kidole, akaiweka kwenye kiganja, akaitazama kama mtu aliyekutana stendi na ndugu aliyemfahamu kwa barua tu.

Kisha, ndugu yangu, zikaanza kutoka. Moja ilitoka kwenye pochi ya Mama Rosemary, imeshikana na rozari. Nyingine zilitoka chini ya mabaki ya ugali, nyuma ya chungu cha maua, kwenye mfuko wa shati la mtu aliyekuwa amejibu kwa sauti kwamba amezimaliza zote. Waliokuwa wametema kwa siri wakaanza kutazama chini ya viti vyao. Ile ya kwenye soksi ilitoka pia, na kwa upendo wa Kikristo hakuna aliyesema kitu.

Mzee Hironimus akanyoosha sahani.

"Isidori, ndugu yangu," akasema. "Niongeze."

Mzee Isidori hakumpakulia hapo hapo. Alimtazama mkewe kwanza. Halafu akachota upawa mzima.

Foleni ikajipanga. Kila mtu alitaka, na bakuli liliisha hata rojo likakwanguliwa. Lakini angalia walichokifanya nazo, maana Mama Lidwina aliangalia. Mama Rosemary alifunga zake kwenye karatasi, ampelekee mama mkwe aliye kitandani akazione. Mzee Hironimus aliweka zake kwenye kikombe, awaonyeshe watoto wa komunyo ya kwanza. Wengine walitaka makokwa wakapande. Katika foleni nzima hakuna aliyetia hata moja mdomoni.

Njiani kurudi kesi ikaanza. Mzee Isidori alisema neno limetamkwa, tena na mwenyekiti, tena mbele ya watu hamsini. Mama Lidwina akasema kuongezewa ni kwa mtu aliyekula. Mtu akiomba aongezewe kwinini utasema ameipenda? Mume akasema patano halikutaja kula. Mke akasema patano halikutaja makumbusho. Walirudi mpaka kwa Mzee Hironimus awaamue, naye akakataa, akisema yeye ni sehemu ya kesi. Isitoshe alikuwa na shughuli: alikwisha kuyafukia makokwa yake matano kwenye ndoo mbovu ya udongo, na alikuwa anayamwagilia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkumbusha kwamba yalichemshwa mara mbili.

Siku zikapita bila hukumu. Ijumaa Mama Lidwina akasimamisha majembe mawili mlangoni, akasema wanaweza kuendelea na kesi lakini bustani haiingii mahakamani. Kapu alilitundika kwenye msumari, juu kidogo kuliko siku zote.

Jumamosi asubuhi Mzee Isidori alivaa shati lake la kaki, kwa mazoea. Akakumbuka kopo la tatu. Alitaka alirudishe kwa Chande, au labda alitaka tu alishike. Akafungua kabati, akapitisha mkono nyuma ya chupa ya mafuta, akalishika, akajua papo hapo, maana mtu aliyepima bahasha miaka thelathini na mmoja hadanganywi na uzito. Kopo lilikuwa jepesi.

Lilikuwa limekatwa kwa kisu, vizuri kabisa, na kufunikwa kisosi. Zilibaki chini ya nusu. Hazikuwa na sukari wala iliki, zilikuwa kwenye maji yake ya chumvi. Na kwenye kona ya kabati, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, palikuwa na makokwa. Aliyahesabu. Kumi na tisa, yamefyonzwa mpaka yakawa meupe.

Ndipo akakumbuka. Jumatano mkewe alikula ugali jikoni, amempa mgongo, akasema njaa imemshika mapema. Alhamisi vile vile. Jana vile vile, na alikuwa anaimba.

"Baba Pamela," sauti ikatoka nje, "unatafuta nini humo?"

"Chumvi."

"Chumvi iko mezani."

"Nimeiona," akasema, na wala hakuwa anaitazama chumvi.

Akalirudisha kopo nyuma ya chupa ya mafuta, akaligeuza likae kama alivyolikuta, akafunga kabati. Mlangoni Mama Lidwina alikuwa amejifunga khanga kiunoni, jembe lake begani, anatazama barabarani kama mtu asiye na neno. Mzee Isidori akachukua jembe la pili. Juu yake, kwenye msumari, lilikuwa kapu.

"Hivi," mkewe akauliza, bado anatazama barabarani, "kwa Chande yalibaki makopo mangapi?"

"Manne."

"Mh," akasema Mama Lidwina, na hakusogea.

*Mmoja, awe yeyote.* Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe, na Mzee Isidori aliyasikia tena yote, pale pale mlangoni. Neno moja tu kuhusu kabati na Jumamosi zake zingekuwa zake mpaka kuzikana. Lakini mtu huyu alibeba siri za mkoa mzima bila kufungua hata moja, na hii ya sasa ilikuwa ya mkewe, imefunikwa kisosi.

Basi wewe uliyefuatana naye tangu baiskeli ikigonga kule Bombambili, simama hapo mlangoni mahali pake, jembe mkononi na kapu juu ya kichwa: kopo lile ungelitaja, au ungeshika njia ya Maposeni kimya?